MALI BILA DAFTARI: GOTI LA MJOMBA NA VITABU SABA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

 

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipofundishwa methali hii nikiwa Kidato cha Kwanza, nilidhani inawahusu wenye maduka peke yao. Nilimwaza muuza duka anayekopesha unga na sukari bila kuandika, mwisho wa mwezi akabaki kujikuna kichwa. Mwaka huu nimegundua kwamba hata goti la mtu ni mali, na lisipoandikwa vizuri hupotea bila habari vilevile. Katika makala haya nitaeleza jinsi kumbukumbu za majeraha ya wanajeshi zinavyokusanywa na kuunganishwa mahali pamoja ili wataalamu wazichunguze. Msinicheke kwamba nimechagua mada ngumu. Si mimi niliyeichagua, ni bahasha ya mjomba.

BAHASHA YA KAKI

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwanajeshi mstaafu. Anaishi nasi hapa Ganjoni. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kwa hivyo akizungumza barazani petu nafikiri hata watu waliopanga foleni ya feri kule Likoni wanamsikia. Goti lake la kulia halikunjiki sawasawa. Akiketi kunywa kahawa hulinyoosha mbele kama mtu anayetaka kumtega mpita njia.

Watu wengi wakimwona humuuliza, "Ulipigwa risasi wapi?" Naye hucheka. "Risasi gani bwana? Mimi nililazwa na lori." Ni kweli. Aliumia mazoezini, gari walilopanda lilipopinduka. Sikio nalo liliharibika polepole kwa mlio wa mizinga ya mazoezi, mwaka baada ya mwaka.

Jumamosi moja, likizo ya Aprili, aliniita.

"Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Hebu nipangia karatasi hizi."

Alinipa bahasha ya kaki iliyochakaa mpaka ikawa laini kama kitambaa. Ndani mlikuwa na karatasi thelathini na moja: kadi, risiti, barua, vyeti na picha mbili za eksirei. Kumbe kulikuwa na ofisi moja, ambayo sitaitaja, iliyomtaka alete ushahidi kwamba goti liliumia akiwa kazini. Alikuwa amekwenda mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa karatasi fulani haipo. Mara ya pili aliipeleka, akaambiwa jina halilingani. Mara ya tatu aliambiwa faili lenyewe halionekani.

"Goti lipo," alisema akiligonga kwa kidole, "ila ati halimo vitabuni!"

JERAHA MOJA, VITABU SABA

Nilitandaza karatasi zote mkekani na kujaribu kufuata safari ya goti lile tangu siku ya ajali. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Jeraha moja tu la mtu mmoja liliandikwa katika vitabu saba mbalimbali.

Kwanza, kikosi chake kiliandika ripoti ya ajali: gari gani, barabara gani, saa ngapi. Pili, zahanati ya kambi iliandika kwamba alifika akiwa na goti lililovimba. Tatu, wapiga eksirei waliandika katika rejesta yao. Nne, chumba cha upasuaji kilikuwa na kitabu chake. Tano, wodini alifunguliwa faili. Sita, bodi ya matabibu iliandika iwapo anafaa kurudi kazini. Saba, wanaoshughulikia pensheni nao wakawa na lao.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kila kitabu kinajua kipande kimoja tu. Kitabu cha ajali kinajua kwamba lori lilipinduka, lakini hakijui kama goti lilipona. Kitabu cha upasuaji kinajua kwamba goti lilipasuliwa, lakini hakijui lilivunjwa na nini. Faili la pensheni linajua kwamba huyu mtu anachechemea, lakini halijui kwa sababu gani. Ni kama wale vipofu wa hadithini waliompapasa ndovu: mmoja akasema ni ukuta, wa pili akasema ni kamba, wa tatu akasema ni nguzo. Kila mmoja alisema kweli, na hakuna aliyemjua ndovu.

Mahali ambapo taarifa nyingi huwekwa kwa mpangilio ndani ya tarakilishi ili ziweze kutafutwa upesi huitwa hifadhidata. Na pale ambapo vitabu vyote saba vinafunganishwa, hata ukimtafuta mtu mmoja unaona safari yake nzima toka ajali hadi pensheni, hiyo ndiyo hifadhidata unganishi. Faida yake haimwendei mjomba peke yake. Ukiwa na safari za maelfu ya wanajeshi unaweza kuuliza swali ambalo hakuna kitabu kimoja kinachoweza kulijibu: je, ni ajali za aina gani zinazoacha watu vilema, na tungeweza kuzizuia?

BIBI MWENYE TAA NA REJESTA TATU

Msidhani tatizo hili limeanza na tarakilishi. Nyote mmesikia habari za Florence Nightingale, yule bibi Mwingereza aliyewauguza askari kwenye vita vya Krimea. Alifika katika hospitali ya jeshi huko Scutari, Uturuki, mwezi wa Novemba 1854. Tunamsifu kwa taa yake, lakini wengi wetu hatujui kwamba alikuwa hodari sana wa hesabu. Aliyoyakuta huko yalimshangaza. Kulikuwa na rejesta tatu tofauti za vifo, na idadi zake hazikukubaliana. Yaani askari alikuwa anaweza kufa katika kitabu kimoja huku akiwa hai katika kingine!

Baada ya vita alizikusanya takwimu na kuzilinganisha. Zikaonyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na magonjwa yaliyoweza kuzuiwa kuliko majeraha ya vita. Mwaka wa 1858 alichapisha mchoro wake maarufu wa duara uliokatwa vipande kama keki, ili hata wakubwa wasiopenda hesabu waone kwa macho. Mwaka wa 1860, katika mkutano wa wanatakwimu uliofanyika London, mapendekezo yake yalitolewa kwamba hospitali zote zitumie fomu za namna moja na majina ya magonjwa ya namna moja. Ukitazama vizuri, hilo ndilo jiwe la kwanza la msingi wa hifadhidata za leo.

MBARAKI NA SANAMU ISIYO NA MAJINA

Tusiende mbali. Kutoka kwetu Ganjoni hadi Mbaraki ni mwendo mfupi wa miguu. Huko yako makaburi ya vita, na mawe yake yameandikwa jina, kikosi na tarehe ya kufa. Ukitoka hapo ukaenda mjini kwenye barabara ya Jomo Kenyatta, utaikuta sanamu ya askari iliyojengwa mwaka wa 1927 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Nimeizunguka sanamu hiyo mara mbili nikitafuta majina. Hakuna hata moja.

Vita hivyo viliugusa mji wetu tangu mwanzo. Mwezi wa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilipitia Mombasa likaenda kuishambulia Tanga. Lilishindwa vibaya, likarudi Mombasa na majeruhi wake. Baada ya hapo vita vilihamia bara, ambako sehemu nyingi hazikuwa na barabara wala reli, na mizigo ikabebwa vichwani. Wapagazi hao ndio walioacha jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Chakula chenyewe kilikuwa sehemu ya tatizo: unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, kwa watu ambao wengine hawakuuzoea, tena wakiwa safarini wamechoka.

Fikirini wenzangu. Kitabu cha chakula kilikuwapo mahali. Kitabu cha hospitali kilikuwapo mahali pengine. Kitabu cha mishahara nacho kwengine. Lau vitabu hivyo vingewekwa meza moja mapema, kila jina mbele ya jina lake, ingeonekana upesi kwamba waliokula chakula fulani katika safari fulani ndio waliokuwa wakizikwa.

Mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tazameni jinsi idadi hizo mbili zilivyo mbalimbali. Kati ya 116,000 na 350,000 kuna watu zaidi ya laki mbili, ambao hakuna anayeweza kusema kwa yakini kama walikufa ama walirudi kwao. Hayo ndiyo madhara ya mali bila daftari, na mali yenyewe hapa ni roho za watu.

KIFUNDO CHA MGUU CHA ASKARI WA MIAVULI

Sasa niwape mfano wa mahali ambapo vitabu viliunganishwa na vikasaidia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa jeshi la Marekani walioko Natick, jimbo la Massachusetts, walijenga hifadhidata inayoitwa TAIHOD. Waliunganisha orodha ya wanajeshi wote, kumbukumbu za kulazwa hospitalini, ripoti za ajali, kumbukumbu za ulemavu na za vifo. Yaani karibu vile vitabu saba vya mjomba, ila kwa jeshi zima.

Kazi moja waliyoifanya ilihusu askari wanaofunzwa kuruka kutoka kwenye ndege kwa miavuli huko Fort Benning, jimbo la Georgia. Kuruka si kazi. Kazi ni kutua. Wengi walikuwa wakiteguka vifundo vya miguu. Basi kikabuniwa kishikizo kigumu cha kuvaliwa juu ya buti. Jaribio lililofanywa kwa mamia ya wanafunzi lilionyesha kwamba waliovaa vishikizo waliteguka mara chache sana kuliko wasiovaa. Jeshi likaanza kuvitumia. Baada ya miaka kadhaa likaacha, kwa sababu ya gharama na matunzo.

Je, kuacha kule kulidhuru? Hakuna aliyeweza kujibu kwa kukisia. Ndipo watafiti walipochukua orodha za madarasa ya mafunzo za tangu mwaka wa 1985 hadi 2002, wanafunzi zaidi ya laki mbili, wakaziunganisha na kumbukumbu za waliolazwa hospitalini. Jibu likatoka wazi. Kabla ya vishikizo, waliolazwa kwa vifundo vya miguu walikuwa wengi. Wakati wa vishikizo walipungua sana. Vilipoachwa wakaongezeka tena. Orodha ya darasa peke yake isingesema hivyo. Rejesta ya hospitali peke yake nayo isingesema. Zilipokutana tu, zikasema.

Lakini hospitali nayo ina upofu wake. Wanaofika hospitalini ni wale walio hai bado. Madaktari wa Marekani walichunguza vifo 4,596 vya wanajeshi wao waliouawa vitani kati ya mwaka wa 2001 na 2011. Karibu tisa katika kila kumi walikufa kabla ya kufika hospitali yenye daktari wa upasuaji. Miongoni mwa hao waliokufa njiani, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo pengine yangetibika, na kilichowaua zaidi kilikuwa kuvuja damu. Mtu angetazama vitabu vya hospitali pekee angesema matibabu ni mazuri mno, karibu kila anayefika anapona. Ilibidi kumbukumbu za maiti ziunganishwe na za walio hai ndipo ionekane kwamba kazi kubwa iko kule kule uwanjani, kwa mkanda wa kufungia mkono au mguu unaovuja damu, na kwa mwenzako anayejua kuufunga.

HUJENGWAJE?

Nilimwuliza mwalimu wetu wa somo la kompyuta jinsi kitu kama hiki kinavyojengwa. Alinieleza kwa nusu saa nzima, chaki mkononi. Nitafupisha.

Jambo la kwanza ni utambulisho. Kila mtu awe na nambari moja isiyobadilika, inayoandikwa katika kila kitabu. Jina halitoshi. Hapa Mombasa ukisimama Mwembe Tayari ukaita "Mohamed!" watageuka watu ishirini.

La pili ni lugha moja. Daktari mmoja huandika "kuteguka", mwengine "kuumia mguu", wa tatu huandika mwandiko ambao hata mwenyewe haujui. Kwa hivyo Shirika la Afya Duniani lina orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, kuteguka kwa kifundo cha mguu ni S93.4, iwe Mombasa ama Moscow. Kuna pia kipimo cha ukali wa jeraha, kutoka 1 ambalo ni dogo hadi 6 ambalo kwa kawaida halitibiki. Bila ya lugha moja tarakilishi haitajua kwamba maneno matatu ni jeraha moja.

La tatu ni tarehe na saa. Bila tarehe huwezi kujua lililotangulia na lililofuata, na bila kujua hayo huwezi kujua sababu.

La nne, ambalo mimi lilinipita mara ya kwanza, ni kuwahesabu hata wasioumia. Tuseme katika kambi moja wameumia magoti wanajeshi kumi, na katika kambi ya pili wameumia ishirini. Kambi ipi ni ya hatari zaidi? Msikimbilie kujibu! Ikiwa kambi ya kwanza ina watu mia, na ya pili ina elfu moja, basi ya kwanza ni kumi kwa mia na ya pili ni wawili kwa mia. Hii ni hesabu ya darasa la saba, lakini hifadhidata isiyo na orodha ya wazima haiwezi kuifanya.

La tano ni siri. Mtafiti hahitaji kujua kwamba ni mjomba wangu. Anahitaji kujua kwamba mtu wa umri fulani, wa kazi fulani, aliumia goti kwa namna fulani. Kwa hivyo majina huondolewa na nambari ya kweli hubadilishwa ikawa nambari ya siri.

MAKOSA MAWILI NILIYOYAKUTA MKEKANI

Nikarudi kwenye bahasha. Nilichukua daftari la hesabu, lile la miraba, nikachora jedwali: tarehe, mahali, jina lilivyoandikwa, nambari ya kazi, kilichoandikwa. Nikajaza karatasi moja moja. Ilinichukua siku mbili, na mama akawa ananiuliza kama nimeajiriwa.

Mjomba ana jina la Mtume, kama nusu ya wanaume wa mtaa huu. Katika karatasi thelathini na moja jina hilo liliandikwa kwa namna nne: Mohamed, Mohammed, Muhammad, na moja iliandikwa Mahmoud, ambalo ni jina jengine kabisa. Nambari ya kazi ilikuwapo katika karatasi kumi na tisa tu.

Nilipofika karatasi ya ishirini na mbili nilisita. Ilisema kundi la damu ni O. Karatasi mbili za zamani zilisema B. Nilidhani nimekosea kusoma. Nikaisogeza dirishani. O. Nikatazama umri ulioandikwa: ulipungua miaka kumi na moja kuliko wa mjomba. Nambari ya kazi haikuandikwa. Karatasi hiyo, pamoja na nyengine mbili zilizobanwa nayo kwa pini, zilikuwa za Mohamed mwengine! Watu wawili walikuwa wamefanywa mmoja.

Kosa la pili lilikuwa kinyume chake, na ndilo lililonitia baridi mwilini. Ile kadi ya Mahmoud, ambayo mjomba aliiweka chini kabisa kwa kuwa ofisi ilikataa kuipokea, ilikuwa ni yake kweli. Nambari ya kazi ililingana, tarehe ililingana, goti ni lile lile. Na kwenye pembe, kwa wino mwekundu uliofifia, paliandikwa kwamba alipodungwa sindano ya penisilini alivimba uso na kushindwa kupumua. Faili lake jipya, lile lililofunguliwa kwa ajili ya upasuaji wa goti aliopangiwa mwaka huu, halikuwa na neno hata moja kuhusu penisilini. Mtu mmoja alikuwa amegawanywa wawili, na yule anayedhuriwa na dawa alibaki chini ya bahasha.

Nilimwita mjomba. Nikamsomea kwa sauti kubwa, upande wa sikio zima.

Alinyamaza kidogo. "Lahaula! Hiyo sindano naikumbuka. Lakini ni miaka thalathini sasa. N'lidhani washaandika."

"Waliandika, mjomba. Ila walimwandikia Mahmoud."

Jumatatu tulikwenda pamoja hadi kwa daktari wake. Alipima damu upya, ikatoka B. Alitueleza kwamba kabla ya mgonjwa kuongezwa damu ni lazima ipimwe tena, kwa hivyo kosa la kundi la damu huenda lingegunduliwa. Lakini kuhusu dawa, wao humwuliza mgonjwa, na mgonjwa akisahau au akiwa amezimia, kinachobaki kuulizwa ni karatasi. Alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya faili, kisha akalitazama jedwali langu la miraba akasema, "Hili nalo litiwe ndani." Wallahi siku hiyo nilitembea mabega juu mpaka nyumbani.

Zile karatasi tatu za Mohamed mwengine tulizirudisha zilikotoka. Nawaza mara nyingi kuhusu mtu yule. Pengine naye anazungushwa na ofisi fulani akiambiwa karatasi hazipo, kumbe zilikuwa Ganjoni chini ya mto wa mjomba.

DAFTARI LA NANI?

Kabla sijamaliza, niseme na upande wa pili, kwa maana insha nzuri huangalia pande zote mbili. Kuandikwa si heri siku zote. Sote tumesoma katika Historia kuhusu kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika wanaume ilitungwa mwaka wa 1915 na kutekelezwa baada ya vita. Mtu alivaa shingoni chombo chenye karatasi ya alama za vidole vyake na kazi zake. Ule nao ulikuwa mfumo wa kumbukumbu, tena uliofanya kazi vizuri mno! Lakini haukujengwa ili kumponya aliyeuvaa. Ulijengwa ili asitoroke kazi. Ajabu ni kwamba serikali ile ile iliyoshindwa kuhifadhi majina ya wapagazi waliokufa iliweza kuhifadhi alama za vidole za waliobaki hai.

Kwa hivyo swali si kama kuna daftari tu, bali pia ni daftari la nani na linamtumikia nani. Wanajeshi wa Kenya wamekuwa Somalia tangu mwezi wa Oktoba 2011, na jeshi lolote lina haki ya kuficha mambo ambayo adui akiyajua yatawadhuru askari wake. Hilo nalielewa. Lakini sheria yetu ya kulinda taarifa za watu, ya mwaka wa 2019, inazihesabu habari za afya kuwa ni nyeti, na inampa mtu haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kirekebishwe. Siri ni ya kumlinda mwenye jeraha. Isiwe ya kumficha mwenye jeraha habari za jeraha lake mwenyewe.

TUFANYE NINI?

Sisi wanafunzi hatuwezi kujenga hifadhidata ya jeshi. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Nawaomba mfanye mambo matatu wiki hii. Mosi, waulizeni wazee wenu nyumbani, hasa waliotumika jeshini, polisi, bandarini au reli, kama kuna dawa inayowadhuru, kisha mwandike katika karatasi moja yenye jina kamili la mzee, la baba yake na la babu yake, mwaka wa kuzaliwa na nambari ya kitambulisho. Pili, mkiandikiwa kadi yoyote katika zahanati, isomeni kabla ya kuondoka dirishani. Jina likikosewa, semeni hapo hapo kwa adabu. Tatu, msitupe karatasi kwa sababu imekataliwa na ofisi moja. Pengine ndiyo iliyo na kweli.

Kuhusu mjomba, mpaka ninapoandika makala haya ofisi ile haijamjibu. Safari hii alipeleka karatasi ishirini na nane, zote zimepangwa kwa tarehe, na jedwali limewekwa juu. Karani alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza nani aliyelichora.

"Ni mwanangu," mjomba alijibu, kwa ile sauti yake ya barazani. Foleni nzima iligeuka.

Upasuaji wa goti ulifanyika mwezi wa Agosti. Hakudungwa penisilini. Bado anachechemea, lakini kidogo.